Kipoza cha Tatu

Wewe unayesikiliza, umewahi kumsikia ngamia dume akisaga meno? Si kutafuna. Kusaga, kama mtu anayeburuta jiwe juu ya jiwe na katikati hakuna nafaka. Ukiisikia sauti hiyo usigeuke kutafuta inatoka wapi. Panda juu ya kitu, chochote, halafu ndiyo utazame.

Ndivyo walivyofundishwa watoto wa Mlowakavu kabla ya kufundishwa kuhesabu. Maana huko Ugogo, tangu ng'ombe wa mwisho afe kwa kiu, ngamia ndio maziwa, ndio nyama, ndio mahari. Miezi tisa ya mwaka dume ni mpole, unamvuta kwa kamba nyembamba anakufuata kama mgeni anayeonyeshwa chumba. Mvua zikianza kunukia, damu yake inageuka. Chakula hagusi. Nyuma ya masikio yanamtoka maji meusi mazito kama lami, yananuka mpaka unayasikia kwenye ugali. Povu jeupe linamjaa midomoni. Kisha upande mmoja wa kinywa kinachomoza kibofu chekundu, kikubwa kama pafu la mbuzi, kinaning'inia na kugugumia kama mtungi unaozama. Anaukojolea mkia wake mwenyewe na kujichapa nao mgongoni. Na akimwona dume mwenzake, au mtu anayedhani ni dume mwenzake, anashusha kichwa na kwenda.

Mbeleje aliyajua haya kwa macho. Mumewe, Masima, alinyanyuliwa kwa utosi. Dume alimtikisa mara mbili, kama mtu anayekung'uta mkeka, akamtupa chini, akapiga magoti juu yake na kumsaga kwa lile sugu gumu la kifuani mpaka mbavu zikavunjika moja moja, kwa zamu, kama vijiti vya kuwashia jiko. Mbeleje alikuwa hatua ishirini, na ungo wa uwele mkononi. Hakuuangusha. Mpaka leo hajui kwa nini hakuuangusha.

Mwaka uliofuata vikaja vipoza.

Kipoza ni kidude cha kijivu, kadiri ya kokwa la ukwaju, kina nyuzi mbili laini kama nywele. Unakitia chini ya ngozi ya kisogo. Nyuzi zinaonja damu ya mnyama. Zikionja ule moto wa majira unapanda, kipoza kinadondosha dawa, tone moja, mnyama anarudi kuwa mpole. Mbeleje alikuwa na elimu ya darasa la saba, lakini mkono wake haukutetemeka, kwa hiyo kijiji kilimchagua akajifunze. Akafundishwa wiki tisa, akarudi na joho la buluu, sindano ndefu na rimoti. Watu wakamwita Mpoza.

Vilikuja vitatu vitatu kisandukuni, na vya kisanduku kimoja vilisikia amri moja kwa pamoja. Amri zilikuwa mbili. Kitufe cha juu, Fungua: kipoza kinaacha kudondosha, damu inafanya itakavyo. Kitufe cha chini, chini ya kifuniko cha plastiki, Funga: dawa yote iliyobaki inamwagika mara moja. Dume la uzito wa magunia sita linaanguka kabla hujavuta pumzi thelathini, linalala hadi kesho yake, linaamka limepoa. Amri ilibebwa na minara mitatu ya jua, na haikuvuka kilima cha Chidoya.

Dawa ya magunia sita. Shika hapo.

Maana miaka saba iliyopita mwanawe wa pekee, Lusito, alimpiga mkewe Nyemo kwa mpini wa jembe. Haikuwa mara ya kwanza. Safari hiyo Nyemo alikuwa na mimba ya miezi mitano, na jioni ile ile ilitoka. Mbeleje ndiye aliyeichimbia shimo, nyuma ya jiko, kwa mikono, kwa kuwa jembe hakutaka kuligusa. Siku sita baadaye ngamia akamng'ata Lusito, akamchana kutoka begani hadi karibu na kisogo. Wakamleta kwa mama yake, akalazwa juu ya meza ya kupozea, akadungwa sindano ya usingizi. Kando ya meza kulikuwa na kisanduku kilichofunguliwa asubuhi hiyo. Viwili vilishaingia kwa madume mawili ya kijiji, Mwamba na Kisu. Kimoja kilibaki.

Mbeleje alishona nyuzi kumi na moja. Kabla ya ya kumi na mbili alisimama, akatazama mlango, akakichukua kile kilichobaki.

Tangu siku hiyo Lusito hakuinua mkono. Si kwa mkewe, si kwa mlevi aliyemtukania mama. Mbeleje akamshukuru Mungu, akakishukuru na kipoza, na siku zilivyokwenda hakuwa tena na uhakika anaanza na nani. Malipo aliyaona: Nyemo hakushika mimba nyingine. Kipoza hupoza na mbegu. Kila alipomwona mkwewe akibeba mtoto wa mtu, Mbeleje aliingia ndani akatafuta kitu cha kupanga. Na kwa miaka yote saba hakuthubutu kumgusa mwanawe shingoni, asije akakikuta kwa vidole.

*

Mkutano ulifanyika asubuhi, kwenye uwanja wa kukamulia. Watengenezaji wa vipoza walikuwa wameshafunga milango. Madume ambayo vipoza vyao vilichakaa yalihasiwa moja baada ya jingine, na majike yakawa yanapandishwa kwa mbegu za mirija kutoka mjini. Mbegu nazo zikaacha kushika. Misimu miwili hakuzaliwa ndama hata mmoja, na ngamia asiyezaa hana maziwa. Madume kamili yalikuwa mawili tu, Mwamba na Kisu, na yamepozwa.

"Mbukwenyi," alisema Mwenyekiti Makasi, na watu wakaitika. "Mama Lusito, rimoti unayo wewe. Maneno ni mafupi. Tunataka ufungue."

"Mlikuwepo Masima alipofia hapa," alisema Mbeleje. "Pale uliposimama, Mwenyekiti. Hapo hapo."

Makasi aliondoa mguu wake mahali ulipokuwa. "Tulikuwepo, mama. Na wajukuu zetu wako hapa leo, wanakunywa uji wa maji. Watoto watatu wamezikwa tangu mwezi wa nne."

Chiteji akaingilia. Huyu alikuwa mdogo wake Masima, shemeji yake Mbeleje, mtu mrefu, mwenye pengo, aliyeweza kuchekesha watu hata msibani. "Shemeji, umeyapoza haya madume mpaka yamesahau kazi. Juzi nimemwona Mwamba anamtazama jike kama mtu anayetazama kalenda ya mwaka jana."

Watu wakacheka, na wanawake ndio waliocheka zaidi.

"Huwezi kufungua moja," alisema Mbeleje. "Kisanduku kina sikio moja. Ukimfungua Mwamba umemfungua na Kisu."

"Basi wawili," alisema Makasi. "Huyu ua huu, yule ua ule, tuweke na ua wa miiba katikati. Au kuna na wa tatu?"

Aliuliza kwa mzaha tu. Mbeleje alifungua kinywa. Kama kulikuwa na saa ya kusema, ilikuwa hiyo, mchana kweupe, watu wote wameketi, Nyemo kule nyuma amejifunga kanga ya njano, Lusito ameegemea nguzo.

"Nipeni siku tatu," akasema.

*

Alimkuta Lusito akimpaka Mwamba mafuta ya ufuta kwenye upele. Mwamba alikuwa dume jeusi, na Lusito ndiye aliyemlea tangu mama yake alipokufa, kwa chupa.

"Kesho utakwenda Chamwaka, kwenye chumvi," alisema Mbeleje. "Siku arobaini."

Lusito hakugeuka. "Mwamba anafunguliwa kesho hiyo hiyo. Mimi ndiye mchungaji wake. Nani atakaa naye?"

"Baba yako mdogo."

"Baba mdogo anamjua Mwamba kama anavyojua kusali." Akaweka kibuyu chini, akafuta vidole kwa nyasi, kimoja kimoja. "Mama. Kuna kitu unataka kuniambia?"

"Hapana."

Alisubiri. Alisubiri kiasi cha mtu kumaliza kikombe cha chai, akimtazama mama yake usoni bila ukali wowote. Mbeleje akainama kuokota kijiti kisicho na kazi.

"Haya," alisema Lusito. "Nitakwenda kwenye chumvi."

Akaondoka alfajiri na majike manne. Mbeleje alipanda juu ya paa la banda akamtazama mpaka alipovuka Chidoya. Baada ya hapo alihesabu tena mpaka elfu, polepole, ili awe na uhakika. Ndipo akabonyeza kitufe cha juu.

Mwamba alikuwa akicheua. Hakuacha hata kucheua.

*

Siku ya tatu Kisu aliacha kula. Siku ya nne harufu ilianza. Siku ya tano, saa nne asubuhi, Mwamba alisaga meno. Mwanamke mmoja akapanda juu ya kinu chake mwenyewe.

Yakapelekwa majike, na yakapandwa. Kazi ilikuwa inakwenda. Lakini madume yale yalikuwa yameonja damu yao yenyewe baada ya miaka saba, na kupanda hakukuyatosha. Yalitembea kandokando ya ua, huku na huku, kila moja likimsikia mwenzake upande wa pili wa miiba. Kisu aling'ata nguzo ya mkwaju mpaka jino likakatikia humo. Jike mmoja aliyechelewa kulala chini alivunjwa paja.

Sasa kulikuwa na desturi. Mchungaji wa dume hupangusa shuka yake nyuma ya masikio ya dume lake, kwenye ile lami, akaivaa bila kuifua msimu mzima. Dume akimnusa anajinusa mwenyewe, haoni mpinzani. Desturi hii waliianza wazee wa kwanza waliopokea ngamia, na haikuwahi kumuua mtu. Kila dume shuka yake, kila shuka mtu wake.

Mchungaji wa Kisu aliamka siku ya nane na homa. Chiteji, ambaye hakupenda kuona kazi ikilala, akachukua shuka yake yenye harufu ya Mwamba, akasubiri Kisu apate mapumziko baada ya kupanda, akaipangusa na kwa huyu pia.

"Nimewaunganisha undugu," alimwambia Nyemo, akijigeuza ili aionyeshe shuka. "Nguo moja, waume wawili. Ni nani mwingine Ugogo mzima anayeweza kusema hivyo?"

"Waulize wanawake, baba mdogo," alisema Nyemo. "Wengine wanaweza."

Chiteji alicheka mpaka akakohoa. Wala Nyemo hakuwaza, wala Chiteji mwenyewe. Lakini hebu fikiri wewe. Kwa Mwamba alinuka Kisu. Kwa Kisu alinuka Mwamba. Alikuwa amejivika vita vizima mgongoni.

*

Siku ya tisa, jua limepanda, Mbeleje alikuwa amekaa nje ya ua akiandika majike yaliyopandwa. Rimoti ilikuwa mapajani. Chiteji aliingia kwa Kisu na ndoo ya maji, akipiga mluzi.

Kisu aliinua kichwa. Akanusa. Kile kibofu chekundu kikatoka, kikagugumia, kikarudi.

"Haya, bwana harusi," alisema Chiteji, "kunywa."

Hakuwahi hata kugeuka. Kisu alimshika bega la kushoto, meno yakaingia upande huu na upande huu, akamnyanyua. Ndoo ikaruka. Chiteji hakupiga kelele mwanzoni, alisema tu, "He!" kama mtu aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine. Kisha mfupa ukavunjika na ndipo akalia.

Kule upande wa pili Mwamba akasikia. Upepo ulikuwa unatoka huku kwenda kule, ukambebea harufu ya Kisu, harufu ya damu, na harufu yake mwenyewe iliyokuwa kinywani mwa adui. Alikuja moja kwa moja. Aliingia kwenye ua wa miiba kifua mbele, miiba ikamchana mpaka nyama nyeupe ikaonekana, akatokea na kipande cha ua kimemning'inia shingoni.

Kisu akamwachia Chiteji, akamgeukia.

Walikutana kwa shingo. Sauti ilikuwa kama magogo mawili yanayoangushwa pamoja. Kila mmoja alitafuta mguu wa mbele wa mwenzake, amng'ate goti, amwangushe, amlalie. Kisu alimpata Mwamba sikio akalitoa lote. Mwamba akapitisha kichwa chini ya tumbo la Kisu, akang'ata korodani, akavuta. Damu na povu viliruka mpaka kwenye daftari la Mbeleje. Na chini ya miguu minane, Chiteji alikuwa akitambaa kwa mkono mmoja.

"Funga!" alipiga kelele Makasi, akija mbio bila viatu. "Mama Lusito, funga!"

Mbeleje alishainua kifuniko cha plastiki. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Pumzi thelathini, Chiteji angeweza kuishi pumzi thelathini. Ndipo akainua macho, na huko juu ya ua, kwenye njia inayoshuka kutoka Chidoya, akamwona mtu anakimbia. Hakuhitaji kuuona uso. Mama anaijua mbio ya mwanawe.

Lusito alikuwa amerudi. Nyemo alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba Mwamba amekonda mbavu zinahesabika, naye akaiacha chumvi, akawaacha majike kwa watu, akatembea siku mbili. Ilikuwa basi hivyo. Dawa ya magunia sita, ndani ya kisogo cha mtu wa kilo sitini na tano.

Kidole cha Mbeleje kikanyanyuka.

"Rudi!" alipiga kelele. "Lusito, rudi! Vuka kilima! Rudi ulikotoka!"

Lusito alimsikia vibaya au hakumsikia kabisa. Aliruka ua. Aliokota nguzo iliyong'oka akamsukumia Mwamba ubavuni, akimwita kwa jina la utotoni, "Mwambee, Mwambee," na Mwamba, aliyenyweshwa maziwa na mkono ule, akageuza kichwa akamchapa nacho akamtupa kwenye miiba. Lusito akasimama. Mkono wa kulia ulikuwa umeelekea upande ambao mikono haielekei. Akarudi.

"Funga, mama!" walilia watu. "Unangoja nini? Funga!"

"Rimoti imekufa?" aliuliza Makasi. "Imekufa?"

Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka, kila mtu aliiona. Mbeleje alikuwa ameishika kwa mikono miwili, ameibana tumboni, kama mtu anayezuia kitu kisimtoke.

Chiteji alikuwa amefika karibu na ua. Alikuwa anawaona. Alimtazama shemeji yake kupitia miiba, na yeye, mtu wa maneno, alikuwa na neno moja tu. "Shemeji," alisema. "Shemeji."

Kisu alirudi nyuma hatua nne akikwepa meno ya Mwamba, akamkanyaga Chiteji mgongoni, akahisi kitu chenye harufu ya Mwamba kikisogea chini yake. Akapiga magoti. Mbeleje aliisikia ile sauti kwa mara ya pili maishani mwake, vijiti, kimoja kimoja, kwa zamu.

Lusito akaja mbio upande wake, damu imemjaa machoni. "Mama, funga!"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Yu hai bado! Funga!"

"Siwezi, mwanangu. Siwezi. Wewe kimbia kwanza."

Lusito alisimama ghafla. Alitazama rimoti, akatazama mikono ya mama yake, akatazama uso wake. Kitu kikapita machoni mwake. Si mshangao, bali kile anachokiona mtu anapofungua mlango akakuta alichokijua kipo. Akaunyoosha mkono mzima akaichukua. Mbeleje alimng'ang'ania shati, akamng'ata kiganja, bibi wa miaka sitini na mitatu, akapiga mayowe, "Utakufa! Ni wewe! Kiko ndani yako, utakufa!" na Lusito akabonyeza kitufe cha chini mbele ya kijiji kizima.

Mbeleje alimkumbatia kiunoni akaanza kuhesabu. Hakujua anahesabu kwa sauti. Kumi. Kumi na tano. Kisu akayumba. Ishirini na mbili, Mwamba akakalia matako kama mbwa. Ishirini na nane, wote wawili wakalala, ulimi wa Kisu ukatandikwa mchangani. Thelathini. Thelathini na moja. Arobaini.

Lusito alikuwa bado amesimama, akitweta, mkono wake umevunjika.

Nyemo ndiye aliyeingia ndani ya ua. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua cha Chiteji, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Kisha akajifungua kanga yake ya njano akamfunika.

*

Walimweka kwenye kivuli cha banda la kukamulia. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Makasi alitoa kofia, akairudisha kichwani, akaitoa tena.

"Mama Lusito," alisema, "mimi si hakimu. Lakini nimekuona. Taa ilikuwa inawaka na kidole kilikuwa juu. Tuambie."

Mbeleje aliketi chini, miguu imenyooshwa mbele kama mfiwa. Aliwaambia. Hakuficha kitu: mpini wa jembe, shimo la nyuma ya jiko, nyuzi kumi na moja, kokwa la kijivu. Alisema kwamba alimwona mwanawe akishuka kilimani akachagua, na kwamba alichagua akijua, na kwamba shemeji yake alimwita mara mbili. "Alikuwa na haki ya kuitikiwa," alisema. "Sikumwitikia."

Watu walimgeukia Lusito, wakamtazama kisogo, kama watu wanaotazama nyumba ambayo wamesikia ndani yake kuna nyoka.

"Hakipo," alisema Nyemo.

"Nini hakipo?" aliuliza Makasi.

"Kipoza. Siku nyuzi zilipotolewa aliniambia, hapa kuna kitu kigumu, pasua. Nikapasua kwa wembe. Tulijua ni nini, sote tunavijua. Nikamwambia, nakitupa chooni, lakini siku utakayoniinulia mkono nitaingia humo chooni nikitafute, nikurudishie, na sindano ya usingizi sitatumia." Aliyasema haya akimtazama mama mkwe wake, si kwa hasira. "Hakuniinulia. Na mtoto, mama, usijilaumu. Mtoto nilikataa mimi. Nilitaka kwanza nione miaka."

Mbeleje alitikisa kichwa. "Haiwezekani. Alibadilika. Tangu siku ile ile alibadilika."

"Ngamia ana majira, mama. Mwanao alikuwa ananipiga Januari mpaka Desemba. Hayo si majira."

Makasi alimtazama Chiteji chini ya kanga. "Kwa hiyo mtu amekufa," alisema polepole, "kwa ajili ya kitu kilichoko chooni miaka saba."

Inzi walikuwa wameanza kuja, na mwanamke mmoja akavunja tawi akawa anapunga.

Lusito alikuja akachuchumaa mbele ya mama yake. Mkono wake ulikuwa umefungwa kwa kamba kwenye ubao. Mbeleje, kwa mara ya kwanza tangu siku ya meza, alinyoosha mkono akamgusa kisogo. Alipapasa. Kovu refu la ngamia. Na kando yake, dogo, jingine, lililoshonwa vibaya na mtu asiyejua kushona. Chini yake hapakuwa na kitu. Ngozi tu, na mshipa unapiga.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Miaka saba unaniona nakuogopa. Ungesema neno moja, Lusito. Neno moja tu, na baba yako mdogo sasa hivi angekuwa anatuchekesha."

"Hilo nitalibeba," alisema Lusito. "Nusu ni yangu. Kila mwaka nilisema, mwaka huu ataniambia. Siku ile pale kwa Mwamba nilisema, leo ndiyo leo."

"Na wewe ulikuwa unangoja nini? Ulitaka nini kwangu, mwanangu?"

Lusito aliinamisha kichwa. Mabega yalimtetemeka, na watu waliokuwa karibu wakarudi nyuma hatua moja, kwa mazoea ya mahali pale. Lakini alikuwa analia tu.

"Nilitaka uniulize, mama," alisema. "Ungeniuliza, ningekuinamishia shingo mwenyewe."